Naomba ushauri: Mdogo wangu ametoweka siku ya tisa leo, na redio inataka kunihoji kesho

Dada Mkubwa
Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 26, alitoka nyumbani siku tisa zilizopita akiwa na fulana ya bluu na kandambili, simu yake akaiacha mezani ikichaji, na mpaka sasa hajarudi. Tulitoa taarifa polisi siku ya pili. Tangu hapo picha yake imesambaa kila mahali, redio ya jamii inasoma tangazo letu kila jioni baada ya taarifa ya habari, na majirani wamejigawa makundi wakimtafuta vichakani na kandokando ya mto. Juzi mzee mmoja alirudi miguu imechanwachanwa na miiba, na tulipotaka kumwosha vidonda alikataa, akasema atapumzika kijana akipatikana. Sasa mtangazaji ananitaka studioni kesho jioni kwa mahojiano ya moja kwa moja. Je, niende? Na nikienda, niseme nini na niache nini?

Mama Wawili
Pole sana, dada. Ila kwa nini mlingoja siku ya pili? Ile dhana kwamba lazima saa 24 zipite kabla polisi hawajapokea taarifa ya mtu aliyetoweka imewaponza wengi, kwa sababu saa za mwanzo ndizo zenye mashahidi ambao bado wanakumbuka walichokiona.

Mtangazaji wa Zamani
Nimekaa nyuma ya kipaza sauti kwa miaka mingi, nami nasema nenda. Mfumo wa tahadhari wa AMBER, ambao leo unafahamika duniani, ulianza mwaka 1996 huko Texas, Marekani, baada ya msichana wa miaka 9 kutekwa na kuuawa, pale vituo vya utangazaji viliposhirikiana na polisi ili tangazo la mtoto aliyetekwa lisisubiri ratiba ya vipindi. Ndiyo maana naiamini redio. Lakini omba maswali mapema, na alama moja ya mwilini mwake ibaki siri ya familia na polisi, ili anayedai kumwona aweze kupimwa. Namba ya simu itakayotangazwa iwe ya polisi, isiwe yako. Niliwahi kusoma tangazo lenye namba ya mama mzazi, na usiku uleule matapeli walianza kumdai fedha ili wamrudishe mwanawe ambaye hawakuwahi hata kumwona. Nikuulize tu, dada: kuna jambo lolote unalolijua ambalo polisi hawalijui?

Bahari Shwari
Mshukuru Mungu kwamba mnasikilizwa. Baba yangu mdogo alipopotea, gazeti lilimpa mistari minne tu, na jina lake likakosewa. Mwaka 2004 mwanahabari Gwen Ifill wa Marekani aliukemea hadharani mtindo wa vyombo vya habari kukesha na habari za wanawake weupe waliotoweka huku wengine wakipitwa kimya. Nilipousoma mjadala ule nilikumbuka ile mistari minne, na uchungu wangu ukaamka upya.

Kibatari
Dada Mkubwa, swali la Mtangazaji hujalijibu. Anayeuliza aache nini huwa ana kitu mkononi.

Dada Mkubwa
Nitasema. Siku ya tano nilipokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Dada, niko salama. Msinitafute. Mwambie mama asiache dawa ya saa mbili." Nilipiga namba hiyo papo hapo, haikupatikana, na haijapatikana hadi leo. Sijamwambia mtu yeyote. Kabla hamjanihukumu, fahamuni kwamba mdogo wangu haniiti dada, huniita kwa jina langu, na kwamba habari ya dawa za mama inajulikana kwa majirani wengi. Watu wamechanga fedha zao, wameacha shughuli zao, na mama ameanza tena kula kwa sababu nyumba imejaa wanaomfariji. Nikiutoa ujumbe ambao huenda ni wa uongo, wote watarudi makwao. Nimeshaamua kwamba studioni sitautaja.

Mama Wawili
Na yule mzee wa miiba? Kwa siku nne umemwacha aingie vichakani ukiwa na ujumbe huo kwenye simu yako. Hilo ni deni, dada yangu.

Jicho la Tatu
Samahani, mimi naona hadithi hii imetungwa. Kijana ameacha simu nyumbani, kisha anatuma ujumbe kutoka simu nyingine. Siku hizi nani ana namba ya dada yake kichwani? Alete picha ya ujumbe na jina kamili la kijana, la sivyo uzi ufungwe.

Bahari Shwari
Hapo hata mimi nimesita. Tumeshalia humu kwa visa ambavyo havikuwahi kutokea.

Kibatari
Wanajamvi, msidai jina wala picha. Mwaka 2013, baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston, watu kwenye mtandao wa Reddit walimhusisha na mashambulizi hayo mwanafunzi aliyekuwa ametoweka. Hakuhusika hata kidogo, na baadaye alipatikana akiwa amekufa, lakini familia yake iliyokuwa bado ikimtafuta ilikuwa imekwisha kutukanwa na kusumbuliwa. Mwenye shaka na anyamaze.

Dada Mkubwa
Ndugu Jicho la Tatu, mimi ni fundi cherehani, na namba yangu haijabadilika kwa miaka kumi na moja. Imeandikwa kwenye kibao kilicho juu ya mlango wangu, na aliyeiandika kwa brashi ni yeye mwenyewe. Sifuri ya mwisho imepinda, kwa sababu nilimwita akiwa juu ya ngazi, akageuka. Sina la kuongeza.

Mtangazaji wa Zamani
Basi nisikilize, dada. Ikiwa ujumbe ni wake, ni mtu mzima aliyeomba asitafutwe, na katika nchi nyingi polisi wakimpata huijulisha familia kwamba yu salama bila kutaja alipo, iwapo hataki. Ikiwa si wake, basi aliyeuandika anajua alipo, au ni tapeli anayeifahamu nyumba yenu kwa ndani. Kwa vyovyote vile, namba hiyo ilipaswa kufika polisi siku ya tano. Nenda sasa hivi, kisha umweleze mtangazaji kabla hujakaa mbele ya kipaza sauti, kwa sababu ukishasema hewani kwamba hujasikia lolote kutoka kwake, huwezi kulirudisha.

Dada Mkubwa
Nimerudi kutoka kituoni. Ofisa aliinakili namba, akanisomea tarakimu moja moja, kisha akaniuliza kwa nini siku nne. Sikuwa na jibu. Mahojiano yamesogezwa mbele, na jioni hii tangazo halikusomwa. Nilipita kwa yule mzee nikamwambia mwenyewe. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama kijana alikuwa na kitu cha kujifunika usiku. Mama bado sijamwambia. Saa mbili inakaribia, nampelekea dawa, na nimeishika simu hii mkononi ili nimsomee.