Kupunguza sukari kwenye chai: siku ya nne narudi palepale

Kijana wa Ligula
Wakubwa shikamooni. Nakunywa chai vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, na saa saba mchana lazima soda baridi. Nikiamua kuacha, naacha vyote kwa mkupuo, chai yenyewe pia. Kichwa kinagonga, hasira juu, siku ya nne narudi. Nyumbani sukari inatiwa humohumo sufuriani. Nianzie wapi?

Mama Chikongola
Marahaba mwanangu. Anzia sufuriani. Sukari ikishachemka na chai huna tena cha kupima, hata uwe na nia ya chuma. Chai ipikwe bila sukari, imiminwe kwenye chupa, kopo la sukari likae mezani, kila mtu atie yake.

Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu ni gramu 4 hivi, kilichojaa kinazidi. Vijiko vyako 12 ni gramu 48, na soda ya mililita 350 inaongeza 35 hivi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri mtu mzima asizidi gramu 50 hivi kwa siku, na akishuka chini ya 25 ndiyo bora.

Wiki ya kwanza usipunguze idadi, sawazisha kijiko tu. Ya pili, viwili na nusu. Ya tatu, viwili. Teremka hivyo nusunusu mpaka kimoja. Ukiona chai haipiti kooni, kaa hapohapo wiki moja zaidi, usirudi juu. Tangawizi iliyopondwa ichemke dakika kumi kabla ya majani, au tia mchaichai na iliki. Chai yenye harufu haidai sukari nyingi.

Na chai usiiache. Kichwa hicho mara nyingi ni kafeini, kile kichangamshi kilichomo kwenye majani ya chai, iliyokatwa ghafla.

Mitwero
Nyongeza kuhusu soda: hiyo usiipunguze, ibadilishe. Soda ya saa saba inaitwa na joto na friji ya duka unalopitia. Jaza maji ya baridi na ndimu kwenye chupa asubuhi, na ujiwekee neno moja: "Nikimaliza kula, nafungua chupa yangu kabla sijainuka." Pita njia nyingine wiki mbili za mwanzo.

Halafu usihesabu siku 21 zinazosemwa mitaani kuwa zinatosha kujenga mazoea. Watafiti wa chuo kimoja cha London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya. Wa katikati alichukua siku 66, wa haraka zaidi siku 18, na makadirio ya juu yalifika siku 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo ukialikwa harusini au kwenye unyago ukanywa soda, kesho yake endelea ulipoishia.

Kijana wa Ligula
Ahsanteni sana. Je, nikitumia asali badala yake? Na kahawa ya barazani jioni?

Mama Chikongola
Asali nayo imo kwenye hesabu ileile, na juisi ya miwa vilevile. Kahawa chungu haina neno, kinachokuponza ni kashata: chukua kipande kimoja, sahani isogee kwa wenzako. Ila kama kuna mtu hapo nyumbani anatumia dawa za kisukari, awaambie wa kliniki kabla hamjabadilisha chai, maana sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi.