Tykocin: kuna nini hasa pale?

Kibwana_B
Wakuu, habari za leo. Nasoma Białystok, Poland, mwaka wa pili. Jumamosi sina kipindi, na wenzangu wanasema niende Tykocin, kilomita kama 30 tu. Mmoja akacheka: "Mji wa watu elfu mbili, utaumaliza kwa dakika ishirini." Aliyefika anipe mwanga.

MamaNarew
Mdogo wangu, hata dakika kumi zinatosha kama unapita tu. Mimi nimekaa jirani na pale miaka minne. (Hutamkwa "Tikochin". Dereva wa basi ukimsomea herufi zilivyo atakutolea macho.)

Anzia uwanja mkuu. Aliyesimama katikati ni Stefan Czarniecki, jemadari aliyepigana na Waswidi, rungu mkononi. Sanamu hiyo iliwekwa karne ya 18 na kitukuu wake, Jan Klemens Branicki, yule yule mwenye kasri la hapo Białystok. Kanisa lililo mwisho wa uwanja ni lake pia. Pesa alikuwa nazo, na alitaka zionekane.

Kisha elekea magharibi, taratibu. Huko ndiko walikokaa Wayahudi, waliofika 1522. Sinagogi lao la 1642 bado limesimama. Ingia! Kuta za ndani zimejaa maandishi ya Kiebrania. Mara ya kwanza nilidhani ni mapambo. Kumbe ni sala: asiye na kitabu aliinua macho akasoma ukutani. Baada ya Vita Kuu ya Pili humo mliwahi kuwekwa mbolea, hadi lilipokarabatiwa miaka ya 1970 na kufanywa makumbusho.

Tarehe 25 Agosti 1941 Wajerumani waliwaamuru Wayahudi wakusanyike pale pale uwanjani. Siku hiyo na ya pili yake wakapigwa risasi katika msitu wa Łopuchowo, zaidi ya watu elfu moja. Karibu nusu ya mji. Kwa hiyo mtalii akiniambia "mji umetulia kweli", huwa nanyamaza.

Korongo77
Dada, yote kweli, lakini umemtisha kijana. Mji una watu wake, wanaoa, wanagombania mipaka ya bustani. Mkuu, ukipata baiskeli fika Pentowo, hapo karibu, uone korongo weupe na viota vyao. Nenda kabla Agosti haijaisha, wakishaondoka utabaki unatazama vijiti. Na ngome ya ng'ambo ya mto isikudanganye, imejengwa upya juzijuzi. Ya zamani ndiyo aliyowekea hazina yake mfalme Zygmunt August.

Mdadisi_Tu
Nyongeza: nishani ya Tai Mweupe, kubwa kuliko zote Poland, mfalme August II aliianzishia Tykocin, 1705. Basi, naendelea kusoma.

Kibwana_B
Nimerudi, wakuu. Sinagogini peke yake nimekaa saa nzima. Nimepita na makaburi ya zamani ya Wayahudi: majani, mawe machache yaliyoinama. Nikakosa basi, nikaingia mkahawani kusubiri jingine, wakaniletea kugeli ya viazi (viazi vilivyokunwa na kuokwa), nzito, ya moto. Dada aliyenihudumia akaniuliza kama nimefika msituni.

Nikamwambia bado. Akanichorea njia nyuma ya risiti.