Mjusi wa Tendaguru aliumbwa siku ya ngapi?

MamaPendo_Lindi
Shikamooni wakubwa. Naombeni msaada, nimeumbuka mbele ya watoto.

Nafundisha Utoto Mtakatifu hapa Lindi mjini. Jumapili tulikuwa Mwanzo sura ya kwanza. Nimechora siku sita ubaoni, nafika kwenye wanyama, nikasema: vyote hivi Mungu katupa sisi zawadi. Kuna katoto kamoja kabishi, kwao ni vijiji vya kule Tendaguru kulikochimbwa mifupa ya dinosaria, kakanyoosha mkono. "Mwalimu, na yule mjusi mkubwa? Babu anasema alikufa kabla hajawepo mtu hata mmoja. Sasa alikuwa zawadi ya nani?"

Nikasema tutaendelea wiki ijayo. Leo Ijumaa, jibu sina. Ya siku ya ngapi naweza kujitetea. Hilo la "zawadi ya nani" ndilo linaloninyima usingizi.

Kusini_Kwetu
Rahisi tu dada. Zawadi ya Wajerumani 😂 Walichimba 1909 mpaka 1913, wazee wetu wakabeba mifupa kichwani siku kadhaa hadi bandarini Lindi. Sasa kasimama Berlin, urefu unapita mita 13, watu wanakata tiketi kumwona.

Mlokole_Mtwara
Bwana asifiwe. Mimi hiyo miaka milioni 150 wanayosema imepita tangu mjusi huyo aishi siikubali. Siku sita ni siku sita.

Katekista_Nyangao
Marahaba binti yangu. Kijana wa Mtwara, sigombani nawe, ila soma tena: nuru iko siku ya kwanza, jua limewekwa siku ya nne. Siku tatu hizo ulizipimaje? Mtakatifu Agostino, yule mwalimu wa Kanisa la kale, alijiuliza hayo hayo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, wala hakufukuzwa kanisani.

Tuje kwa mtoto. Kosa lilikuwa kwako mwalimu, si kwake. Ulisema "katupa sisi", ukaishia hapo. Hata mimi nimefundisha hivyo miaka mingi.

Kilichonibadilisha ni komba. Msimu mmoja nililala shambani kulinda korosho, maana mwaka ule wezi walituzidi. Usiku wa manane nasikia kelele juu ya mkorosho. Kumulika, komba na mwanawe mgongoni, anakula bibo, maji yanamtiririka kidevuni. (Watu humsingizia ulevi, yule alikuwa mzima kuliko mimi.) Kaniangalia, kaendelea kula. Nikajiona mgeni niliyeingia bila hodi. Furaha ile haikuwa yangu, na ningekuwa nimelala ingekuwepo vilevile.

Asubuhi nikafungua Mwanzo. Samaki na ndege wanabarikiwa siku ya tano, wanaambiwa wazae waongezeke, na mtu bado hayupo. Aya ya 30, Mungu anawapa wanyama majani yawe chakula chao. Anawapa wao. Na katika Ayubu 38 ananyesha mvua kwenye nyika isiyokaliwa na mtu. Mvua ya nani hiyo?

Basi mwambie mtoto: uhai wa mjusi alizawadiwa mjusi mwenyewe. Tena yule wa Berlin alikuwa mla majani, aya ya 30 inamhusu kabisa. Sisi tumepewa kutunza, na kutunza mali si kuimiliki.

Kusini_Kwetu
Mzee umenifunga mdomo. Lakini mifupa yetu irudi.

Katekista_Nyangao
Irudi, mwanangu. Hilo halihitaji aya.

Mlokole_Mtwara
Miaka bado sikubali. Ila hilo la samaki kubarikiwa kabla yetu sikuwahi kuliona. Nitaliangalia.

MamaPendo_Lindi
Asante sana baba. Jumapili nafuta lile neno "sisi", namchora na mjusi anakula majani. Shida ni ubao wenyewe, ile shingo sijui nitaipitishia wapi.