Naomba ushauri: nikipigwa nusu kaputi, naweza kudai nipimwe joto muda wote?

mpiga_kasia
Wakuu, habari za jioni. Nina ngiri, nimepangiwa upasuaji wiki ijayo katika hospitali moja hapa mkoani, kwa nusu kaputi. Swali langu ni moja tu, msinipeleke mbali. Mgonjwa akishalala, kuna mtu anayempima joto mpaka anaamka, au wanaangalia presha na mapigo basi? Nimeshanunua kipimajoto changu cha digitali, nataka nimkabidhi nesi anibane nacho kwapani. Wataalamu njooni, sina amani.

Kaputula Ndefu
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa paleee na karanga zangu.

Mama Watatu
Pole mwanangu. Thieta kuna baridi wewe! Mimi kwa mtoto wa pili nilitetemeka meno yanagongana, kitanda kinalia kokoko, wakanirundikia mablanketi. Joto hata sikupimwa. Na huko nje mume wangu katoroka, eti kaenda kutafuta vocha, karudi mtoto ameshaogeshwa. Nenda na soksi nene na kitenge, hayo mengine muachie Mungu.

Shoka la Bei
Babu yangu kaishi na ngiri yake mpaka kazikwa nayo. Alikuwa anavaa mkanda tu. Vijana wa siku hizi mnapenda visu.

Usingizi Mnono
Niko upande wa usingizi, nikujibu. Inategemea hospitali. Uingereza mwongozo wao ni kumpima kabla hajalala, kisha kila dakika 30 mpaka upasuaji uishe. Kwetu wapo wanaopima na wapo ambao kifaa hawana.

Na alichosema Mama Watatu ni kweli, tatizo la kawaida ni kupoa. Dawa ya usingizi inalegeza mishipa ya damu, joto lililokuwa katikati ya mwili linakimbilia mikononi na miguuni. Saa ya kwanza tu mtu anaweza kushuka nyuzi 1 hadi 1.5. Akiwa chini ya 36 damu inachelewa kuganda na kidonda kinaoza kirahisi. Kuna utafiti wa 1996 kwa wagonjwa 200 wa upasuaji wa utumbo: waliopashwa joto, vidonda vilioza kwa 6 katika kila 100, walioachwa wapoe, 19.

Sasa na mimi nikuulize. Wagonjwa wangu huniuliza kama wataamka. Kuhusu joto hawaniulizi. Wewe umelitoa wapi? Kuna ndugu yako aliyepata shida akiwa amelala?

mpiga_kasia
Nimesoma tu mtandaoni mkuu. Kwa hiyo kwapani inafaa au haifai?

Mtumishi wa Zamu
Kijana, hofu inaingia pale imani inapotoka. Funga siku tatu. Kipimajoto cha nini kama aliyekuumba anakujua?

BintiMto
Mtumishi, hata aliyefunga anapimwa presha. Mtoa mada, umeulizwa swali la ndugu ukalikwepa. Mtu hanunui kipimajoto cha kuingia nacho thieta kwa sababu ya kusoma tu.

mpiga_kasia
Haya. Kaka yangu, tumbo moja, alivunjika paja kwenye bodaboda. Wakamlaza ili wamuunge. Hata saa haikuisha, wakasema joto limepanda ghafla, moyo umesimama. Na baba mdogo zamani alifia kwenye upasuaji wa kidole tumbo, wazee wanasema alitoka anaungua. Nyumbani walishaamua kuwa ni mkono wa mtu.

Daktari sijamwambia. Nikisema atanipa rufaa, rufaa ni nauli na kulala mjini, na ruhusa ya kazini nimeshachukua. Ndiyo maana nikaona kipimajoto kinatosha. Joto likipanda wataona, wataacha. Msinilaumu, nimefikiria sana.

Usingizi Mnono
Aisee. Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kuandika. Na kwa nini nusu kaputi? Ngiri ya kinena wengi tunawachoma ganzi ya mgongo.

mpiga_kasia
Niliikataa mwenyewe. Jamaa yangu alichomwa mgongo, mpaka leo kiuno kinamsumbua, na mambo ya ndani ya nyumba nayo yamelala. Hilo siwezi.

Kaputula Ndefu
Yaani kufa sawa, ila mambo ya ndani yasiguswe 😂 karanga zimeniingia puani.

Mama Watatu
Huo mgongo ndio niliochomwa mimi, na nikapata wa tatu baadaye. Jamaa yako atafute sababu nyingine.

Shoka la Bei
Wakuu, mbona mnalishwa chai mnashukuru? Akaunti ina wiki. Mwanzo kasoma mtandaoni, akibanwa anatoa kaka, kaka hakutosha anaongeza baba mdogo. Ukoo mzima unachemka! Huyu anauza vipimajoto. Subirini aweke namba ya simu.

BintiMto
Hata mimi naanza kuwa na shaka. Mtu amefiwa hivyo halafu anaogopa nauli?

Mtumishi wa Zamu
Uongo nao ni homa.

mpiga_kasia
Shoka, sikujui na sikutukani. Siku ile nesi alitoka mbio akauliza nani akanunue barafu. Nikakimbia mimi. Kantini barafu za maji zilikuwa zimeisha, zilibaki za ubuyu, zile za vifuko. Nikanunua zote. Wakampanga nazo kwapani na kwenye mapaja, vikapasuka. Mama alipopewa lile shuka jekundu akadhani wamemchinja mwanawe, na mpaka leo hakuna aliyemwambia kuwa ni ubuyu. Na nesi mmoja nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba taya lilikaza mapema kabisa, mpira wa kupumulia ulikataa kuingia. Chai gani hiyo?

Kaputula Ndefu
Nimeweka karanga chini. Pole sana mkuu.

Usingizi Mnono
Hilo la taya mtu hatungi. Shoka, soma hapa. Mwaka 1960 huko Melbourne, Australia, kijana aliyevunjika mguu alikuwa anaogopa usingizi kuliko huo mguu, kwa sababu ndugu zake 10 walikufa baada ya kupewa etha, dawa ya usingizi ya zamani. Daktari Denborough akamsikiliza, akaufuatilia ukoo, akaandika na mwenzake Lovell. Ndipo ugonjwa huu ukaanza kujulikana: malignanti haipathemia, yaani joto la mwili kupanda kwa hatari kwa sababu ya dawa za usingizi. Uko kwenye vinasaba, mzazi mwenye nao ana nafasi nusu kwa nusu ya kumpa kila mtoto. Wewe mzima, unabeba mizigo, unacheza mpira. Unalala kwa gesi, halotheni au isofureni au sevofureni, au unachomwa saksamethoniamu ya kulegeza misuli, na misuli inawaka kama injini iliyokwama kwenye mafuta.

Siwezi kusema kwa uhakika ndicho kilichomuua kaka yako, ila nikiwa zamu nitakuhesabu unao mpaka ithibitike huna. Na usijidanganye kwamba uliwahi kulala ukaamka salama, wapo waliolala zaidi ya mara moja kabla haujawashika.

Kipimajoto chako sasa. Kwapani kinachelewa, na umefunikwa mashuka, nani atakifikia? Joto la kweli tunalisoma kwa waya mwembamba unaopita puani mpaka nyuma ya koo, au ndani ya umio. Hata huo waya mara nyingi si wa kwanza kupiga kelele. Kinachotangulia ni hewa ya ukaa unayotoa kupanda, mapigo kukimbia, misuli kukaza. Joto likishaanza linaweza kuruka nyuzi kila baada ya dakika chache. Unasema "wataona, wataacha". Waache na nini? Dawa ni dantrolini, miligramu 2.5 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 70 anataka chupa 9 za kuanzia, zile za miligramu 20, kila moja inakorogwa na mililita 60 za maji. Kwetu ni adimu hiyo. Wakiona na hawana, tunarudi kwenye barafu.

Ganzi ya mgongo haiamshi ugonjwa huu. Ketamini na propofoli pia haziamshi. Kesho nenda kamwambie mtu wa usingizi mwenyewe, usiishie kwa daktari wa upasuaji. Mwambie haya ya taya na barafu kama ulivyoandika hapa, aandike kwenye faili juu kabisa. Huenda hata rufaa isiwepo.

Shoka la Bei
Nimeelewa. Nisamehe ndugu yangu. Ila humu watu wanatuchosha na matapeli.

mpiga_kasia
Yameisha Shoka. Mtaalamu, nitaenda asubuhi. Huo mgongo nitauliza kwanza, sijasema nimekubali.

Mama Watatu
Mbishi huyu! Mtaalamu, binti yangu Ijumaa anang'olewa jino, naye niulize?

Usingizi Mnono
Ganzi ya jino haina shida hiyo, mama.
Mpiga kasia, kaka yako aliacha mtoto?

mpiga_kasia
Mmoja, wa kiume. Yuko kwa mama yake Tabora. Hatuzungumzi nao tangu arobaini. Ukoo ulisema shemeji ndiye aliyemroga kaka.

BintiMto
Eeh! Mwanamke wa watu kabebeshwa uchawi wa dawa ya usingizi?

Usingizi Mnono
Mtoto huyo anahitaji kujulikana kabla hajavunjika mkono kwenye mwembe. Mtafuteni.

mpiga_kasia
Namba yake sina. Ana kaka yake anauza mchele sokoni, nitaanzia hapo.