Naombeni ushauri, mchumba wangu hajui kama mimi ni shabiki wa katuni ya vifarasi

Wakuu habari zenu, naombeni mnishauri na msinicheke sana. Mimi ni mwanaume mtu mzima, nina kazi na ndevu zangu, ila ni shabiki kindakindaki wa My Little Pony, vile vifarasi vya rangirangi. Nasemea ile Friendship Is Magic ya 2010 mpaka 2019, ililenga watoto wa kike lakini wanaume kibao tukaipenda mpaka tukapewa jina, bronies, na Marekani kulikuwa na mkutano wetu kabisa, BronyCon. Yani siko peke yangu duniani, ila kwa watu wanaonizunguka niko peke yangu.

Sasa shida ni mchumba. Picha za Rainbow Dash, mmoja wa hao vifarasi, nimezificha kwenye folda nimeliandika "Risiti", juzi kaliona akauliza risiti gani zina nywila, nikababaika nikasema mambo ya kazini, toka hapo kanuna na nahisi anadhani nina mchepuko. Bora nionekane mtoto au bora nionekane muhuni?

Halafu inauma, mtu timu yake ikifungwa anasusa kula na hamna anayemshangaa, ila mimi nikisema nilitoa machozi yule kifarasi Twilight Sparkle alipoota mabawa naonekana nina matatizo.

Nimkalishe chini nimfungulie hilo folda, au nimuwekee episodi moja kiaina nisome uso wake kwanza? Mlio kwenye ndoa na mna mambo yenu kama haya, mlianzaje kusema?