Wakuu naombeni ushauri, mazoezi ya moyo niendelee hospitali au nifanye mwenyewe nyumbani?

Kisigino: Habari wakuu. Nilipata shambulio la moyo nikawekewa stenti (kile kibomba cha kuacha mshipa wa moyo wazi), sasa nimepangiwa mazoezi ya kusimamiwa, baiskeli ya kukalia na tredmili, ile mashine ya kutembea na kukimbilia. Shida yangu nikikazana vipi saa inasoma mapigo tisini na kitu tu, wazee kuliko mimi wananipita. Nahisi moyo umechoka. Nawaza niache nifanye mwenyewe home. Usingizi sipati.

mama_wawili: Pole. Punguza chumvi, sigara acha kabisa. Vijana hamsikii.

Pumzi_Fupi: Mimi wa mapafu. Huku programu huwa wiki 6 mpaka 8, mwanzoni unatembezwa dakika 6 wanapima umefika mita ngapi, kidoleni wamekubana kimashine cha oksijeni. Mapafu hayajarudi, yako vilevile, ila miguu imepata nguvu haidai hewa nyingi kama zamani, na nimefundishwa kutoa pumzi taratibu midomo nimeibana kama napuliza uji. Ngazi napanda sasa. Usiache mkuu.

kokoto: Njoo jimu tukunyanyulishe chuma 😂

Sista_Wodini: Mleta mada, dawa ya kupunguza mapigo unatumia? Kama unatumia, mapigo hayapandi kwa sababu dawa inayazuia, hiyo saa isikutishe. Pima kwa mdomo: uweze kuongea ila kuimba kukushinde.

Kisigino: Nilikuwa natumia.

Sista_Wodini: Ulikuwa?

Kisigino: Nimeiacha wiki iliyopita nione mapigo yangu halisi, na yamepanda kweli, kwa hiyo nilikuwa sahihi. Usiku kifua kinabana kidogo, hiyo ni gesi. Tredmili nimeshalipia.

Sista_Wodini: Jamani! Dawa hiyo haikatwi ghafla, inaweza kuleta shambulio lingine. Na kifua kinachobana umelala, hakuna mazoezi popote mpaka daktari akuone. Nenda leo.

jicho_kavu: Hii ni chai. Mgonjwa wa moyo ananunua tredmili? Kila akiulizwa anaongeza kipande.

kokoto: Chai ya tangawizi

Pumzi_Fupi: Mnacheka, kaka yangu naye alisema gesi. Tulimzika.

jicho_kavu: Pole mkuu, ila bado aweke picha ya cheti.

Kisigino: Situngi, cheti cha nini tena. Alhamisi nina kliniki, nitamwambia daktari.

Sista_Wodini: Alhamisi mbali. Cheti achana nacho, hapo nyumbani uko na nani akupeleke emajensi sasa hivi?