Roboti za wanafunzi: vipande vya printa ya 3D viruhusiwe au vizuiwe?

Nati Legevu: Naanza. VEX V5, mashindano ya roboti za wanafunzi, wanabana kweli: mota zote jumla wati 88, roboti ianze ndani ya inchi 18 kila upande, na kipande cha printa ya 3D kiwe pambo tu au kibao cha namba. FIRST, waandaaji wengine wa mashindano kama hayo, wao wanaruhusu vipande vya kuchapa. Mimi niko na VEX.

Gia Mbovu: Pambo! Mtoto achore gia usiku kucha, aichape, meno yakatike, achore tena, halafu mkaguzi amwambie aing'oe. Hapo amefundishwa nini?

Nati Legevu: Kufanya kazi na kilichopo. Tena tusidanganyane, gia nyingi za namna hiyo wanachora makocha.

Mlezi wa Timu: Hebu rudia. Miaka mitano nafundisha, bisibisi sijaigusa.

Waya Mwekundu: Labda wewe. Mimi nimekuwa mwamuzi. Nilimuuliza kijana, "Kwa nini hii ina meno 36?" Akageuka kumtazama kocha. Kocha naye akaanza kukohoa.

Gia Mbovu: Huyo angekariri hata vipande vya dukani. Printa ina kosa gani?

Betri Nusu: Kubana hakusaidii. FIRST, wale wa roboti kubwa, walikuwa wanafungia roboti kwenye mfuko baada ya wiki 6, marufuku kuigusa. Wenye uwezo wakaunda roboti ya pili ya kufanyia mazoezi! Sheria ikafa 2018.

Waya Mwekundu: Msimu wa 2020.

Betri Nusu: Haya, 2020. Imekufa au haijafa?

Nati Legevu: Imekufa, na wenye uwezo bado ndio wanaoshinda. Kwa hiyo umesaidia hoja ya nani?

Mlezi wa Timu: Sijajibiwa. Nani kasema makocha tunachora?

Nati Legevu: Nimesema "nyingi", sikusema "zote". Kilichokuwasha ni nini?

Mlezi wa Timu: Kilichoniwasha ni kusimama nyuma mikono mfukoni, natazama watoto wanafunga gurudumu kinyume, nanyamaza dakika arobaini, halafu mtu aje aniite mwizi.

Gia Mbovu: Dakika arobaini? Si ungewaambia tu!

Waya Mwekundu: Eti angewaambia! Akiwaambia ndiye kajenga yeye.

Gia Mbovu: Kusema si kujenga, mwamuzi.

Betri Nusu: Mlezi, kwenye picha yako hapo, mfuko wa shati, ile si bisibisi?

Mlezi wa Timu: Kalamu.

Betri Nusu: Yenye ncha ya nyota?